Mtu Anaruka, Mzigo Unabaki: Juu ya Safari ya Haraka Katika Michezo ya Video

Leo naomba ruhusa nizungumzie michezo ya video. Najua kuko wale watasema: mtu mwenye lisansi ya agronomia, umri unakaribia 30, angeandika juu ya mbegu ama juu ya kazi. Munivumilie kidogo. Mbegu zitafika mbele, na zitafika zimechelewa. Njo shida yenyewe.

Jambo lilianzia nyumbani, hapa Goma. Usiku mmoja umeme ulirudi, nikafungua Skyrim kwenye kompyuta yangu ya zamani. Nilikuwa natoka Riften kwenda Solitude kwa miguu, yaani kutoka pembe moja ya ramani mpaka pembe ya mbali kabisa. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa nyuma yangu anangojea zamu yake. Alingoja dakika kumi, akachoka.

"Yaya, unatembea bule. Si ulishafikaka kule? Fungula karte, finya, uko kule."

"Niko naangalia njia."

"Njia ya nini? Hata haya majani ni ya bongo!"

Tulicheka. Lakini neno lake lilinibakia, sababu ni ugomvi mkubwa kati ya watu wanaopenda michezo hii, na nadhani sisi watu wa Masisi na Walikale tuna kitu cha kuongeza ndani yake.

Kwa wale hawachezi, nieleze. Kuko michezo yenye inakupa dunia moja kubwa, yenye milima, miji, pori na barabara, na uko huru kwenda unapotaka. Unaishi kama mtu fulani wa dunia ile, unapewa kazi na watu, unapata nguvu pole pole. Safari ya haraka, ile tunaona kwenye menyu za Kifaransa ikiitwa voyage rapide, ni ruhusa ya kufungua ramani, kuchagua mahali, na kujikuta umefika bila kupita njiani. Katika Skyrim, saa za mchezo zinasonga mbele, usiku unaweza kuwa mchana, lakini wewe unaona paka picha ya kungojea.

Wengine wanasema kutumia hiyo ni kuiba: umelipa dunia nzima, halafu unairuka. Wengine wanasema ni haki yako, muda ni wako. Nilikuwa kambi ya kwanza. Leo siko tena pale kabisa, na nataka kueleza kwa nini.

Nianze na upande wa mdogo wangu, sababu ana haki kuliko munavyofikiri. Skyrim ilitoka Novemba 2011, na mtu anayetaka kuimaliza vizuri anahitaji zaidi ya saa mia moja. Hapa kwetu saa mia moja za umeme si mchezo. Betri yangu inashika saa moja na nusu ikiwa na huruma. Nikitumia dakika arobaini kutembea, kazi niliyopewa kule Solitude nitaifanya lini? Anayenihukumu kwamba sichezi "kwa kweli" aje kwanza alipie kuran.

Tena kuko kitu kingine. Mimi ni mtoto wa Masisi, wa vilima vya juu ya Lushebere. Mama alishuka sokoni na kitunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na kupanda tena jioni. Hakuna hata siku moja nilimsikia anasifu njia. Alisifu siku moja, siku Fuso ilimchukua. Njo maana nikisoma watu wa mbali wakiandika kwamba kutembea ndani ya mchezo ni raha ya roho, nauliza kwanza kama nje ya nyumba yao kuna gari. Kwa mtu mwenye gari, kutembea ni kupumzika. Kwa mama, kutembea ilikuwa kazi, na hakuna aliyemlipa kazi ile.

Kwa hiyo sitasema tena kwamba kuruka ni dhambi. Swali langu limebadilika. Nauliza: mchezo ukishakupa ruhusa ya kuruka, unafanya nini na ile njia uliyoacha?

Tuangalie Morrowind, mchezo wa kampuni ileile ya Bethesda, wa mwaka 2002. Umezeeka, sura za watu ni kama mbao, lakini unafunguka hata kwenye mashini mbovu. Kule hakuna kufinya ramani. Ukitaka kwenda mbali unatafuta usafiri wa wenyeji: mdudu mkubwa mwenye miguu mirefu anayebeba abiria, mashua, ama wachawi wa chama chao wanaokutupa mji mwingine ukilipa. Kila usafiri una vituo vyake. Mdudu hafiki kila mahali, kwa hiyo unaunganisha: mdudu mpaka mji wa pwani, pale mashua, halafu miguu. Nani kati yetu hajafanya vile? Moto mpaka Sake, pale gari, halafu miguu.

Na sababu hakuna kufinya, watu wa Morrowind wanakuelekeza kwa maneno. Fuata barabara kaskazini, ukifika darajani usivuke, kamata mkono wa kushoto, utaona jiwe. Wakati mwingine wanakosea na unapotea. Ni namna ileile wazee wetu wanatuelekeza: ukipita shule, uliza kwa fulani. Njia inabaki ndani ya kinywa cha watu, na wewe lazima uongee nao.

Katika Oblivion, mwaka 2006, Bethesda ilifungua ramani. Miji mikubwa unaweza kuifinya tangu mwanzo, hata kabla hujaifikia. Katika Skyrim walirudi nyuma kidogo: lazima ufike mahali kwanza, ama ulipe mwenye gari la farasi akupeleke mji mkubwa. Lakini angalia kilichotokea kwa maneno. Mtu wa Skyrim anakupa kazi ya pori la mbali na mara nyingi haelezi njia. Kwa nini aeleze? Mshale uko juu ya kioo. Waandishi walijua utaruka, kwa hiyo waliacha kuandika njia. Hata ukiamua kutembea kwa kiburi chako, unatembea ukifuata mshale, na mwenye duka unayempita hana la kukuambia juu ya daraja la mbele.

Hapa njo ukosoaji wangu wa kweli. Safari ya haraka haimharibii anayeitumia peke yake. Inaingia kwenye mkono wa anayetengeneza dunia. Akijua hakuna atakayepita, hana sababu ya kuweka kitu njiani. Halafu wewe unapita, unakuta kitupu, unasema: si nilikuambia, kutembea ni bure?

Sasa nitoke nje ya mchezo kidogo, juu nina deni.

Mwaka 2021 nilikuwa nimemaliza masomo, nikapata kazi ya miezi michache kwenye mradi mmoja wa kugawa miti ya muhogo Walikale. Sitataja jina la mradi, na kosa ninalosimulia lina sahihi yangu. Walikale munaijua: ni karibu kilometa za mraba 23.475, zaidi ya theluthi moja ya Kivu ya Kaskazini nzima, na sehemu kubwa ni pori. Masisi yetu, yenye tunaona kubwa tukiipanda, haifiki kilometa za mraba 5.000. Mradi ulinipandisha ndege ndogo Goma. Tulipanda saa nne asubuhi, tukaona ziwa, tukaona vilima vya Masisi chini kama shuka iliyokunjwa, halafu ukungu, halafu pori. Chini ya saa moja tukashuka Kilambo. Wasioijua, Kilambo si uwanja wa ndege. Ni kipande cha barabara ya lami, na ndege ikija, magari na moto vinapisha.

Nilikaa siku nne. Nilikutana na viongozi wa kijiji, nikapima mashamba, nikahesabu familia. Niliporudi mezani niliandika ripoti nzuri, mistari imenyooka. Kwenye sehemu ya usafiri niliandika: kutoka shamba la miti, pembeni ya Sake, mpaka kijijini, siku mbili. Nilitoa wapi siku mbili? Nilifungua ramani kwenye telefone, nikaona kilometa, nikagawanya.

Kamio ilitumia siku kumi na moja. Ilipanda Mushaki, ikapita Masisi-centre na Nyabiondo, ikazama kwenye matope upande wa Kashebere, ikangoja mvua ipunguze, ikazama tena. Bariyeri sizihesabu. Munajua kwamba mti wa muhogo ni kitu hai. Ukiukata, unaweza kuutunza kivulini majuma machache, umesimama, udongo chini. Lakini chini ya bache, umefungwa na umelundikwa, jua likipiga na mvua ikipenya, ni jambo lingine. Nilirudi kule kupokea mzigo. Tulifungua vifurushi. Sehemu kubwa ilikuwa imekauka, na mingine ilikuwa imeota buku na kuoza.

Mama mmoja, mkubwa kwa umri, alikamata mti mmoja, akaukwaruza ganda na ukucha kuangalia kama chini kuna maji. Hakuna. Akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, wewe ulipitia wapi kwa kuja hapa?"

"Nilikuja na ndege, mama."

"Aa."

Hakusema kingine. Aliweka mti chini, pole, kama vile ungemuumiza.

Kwa kurudi, ndege haikuja. Nilipanda moto, siku tatu, na sehemu zingine tulisukuma. Siku ya kwanza, kabla hata hatujachoka, tulipita mteremko mmoja wenye muhogo mzuri, majani safi bila madoa, miti minene. Nilimwambia motari asimame. Mwenye shamba alikuwa pale. Nilimuuliza kama angeuza miti. Alisema: ningeuza, hakuna aliyekuja kuniuliza. Kutoka shamba lile mpaka kijiji cha yule mama ilikuwa nusu siku ya miguu.

Kitu tulichotafuta Sake kilikuwa njiani, karibu na mlango wa wale waliokihitaji. Nilikiruka kwa ndege mara mbili.

Sisemi mradi ungetumia miguu. Nasema yule wa kwanza kwenda, angalau mmoja, alipaswa kupita chini. Mimi nilifanya kinyume: nilienda kwa ramani, nikarudi kwa barabara. Nilijifunza kila kitu wakati ripoti ilishapokelewa.

Tangu siku hizo nimecheza michezo hii na jicho lingine. Narudi kwayo sasa, sababu kuko watengenezaji walioona shida na wakatafuta njia ya katikati.

The Witcher 3, wa Wapolandi wa CD Projekt, wa mwaka 2015, una vibao vya njia. Huwezi kuruka kutoka popote. Lazima ukifikie kibao kimoja ndipo uende kwa kingine ulichokwisha kukiona. Inakulazimisha kutembea kidogo kila mara, na mara nyingi ni ndani ya hicho kidogo unakutana na kitu. Nilicheza kwa rafiki mwenye PlayStation 4. Kuko eneo linaitwa Velen, nchi ya vita: vijiji vimeachwa, watu wa kukimbia wamekaa pembeni ya barabara, na darajani askari wanakuomba barua ya kupita. Usipokuwa nayo, kuko mtu anauza ya bandia. Rafiki yangu wa Kinshasa aliona hadithi. Mimi niliona bariyeri, na nilikumbuka jeton wanazouzia watu njiani kwetu. Pale sikutaka kuruka. Niliona aibu kuwapita wale watu wa pembeni ya barabara na kioo cha kungojea.

Kingdom Come: Deliverance, wa mwaka 2018, unakuonyesha ukitembea juu ya ramani kama kijitu kidogo. Saa zinapita, njaa inauma, usingizi unakuja, na katikati ya safari unaweza kusimamishwa: majambazi, ama msafiri mwenye matatizo. Hiyo naiona ni heshima kubwa kwa mchezaji mwenye umeme kidogo. Umefupishiwa muda, lakini hujaambiwa kwamba njia haikuwepo.

Hata Skyrim ina sheria mbili ndogo zenye nilizichukia na leo nazisifu. Ya kwanza: adui akiwa karibu, huwezi kuruka. Mdogo wangu anaudhika sana na hiyo. Lakini kwetu ni sheria gani ya kweli kuliko ile? Kuko miezi ramani ya telefone inaonyesha barabara ya Masisi imenyooka, na hakuna mtu anapita. Na uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, hata ile saa yangu moja ya Kilambo ilikatika. Ya pili: ukizidisha mzigo na uko kwa miguu, mchezo unakataa kukurusha. Tupa kitu, ama tembea pole pole.

Mzigo. Hapa njo nilipotaka kufika.

Mwaka 2019 Mjapani Hideo Kojima alitoa Death Stranding. Si mchezo wa kupata nguvu kama ile mingine, lakini dunia yake ni wazi vilevile, na kazi yako ndani ni moja: wewe ni mpagazi. Unabeba sanduku mgongoni, moja juu ya lingine, unapanda mlima, unavuka mto, ukijikwaa mzigo unaanguka na unaharibika. Watu wengi walicheka: mchezo wa kutembea tu! Safari ya haraka iko hata mle. Kuko mwanamke anaweza kukuhamisha mpaka makao ya mbali mara moja. Lakini anakuhamisha wewe tu. Mzigo unabaki pale ulipouacha.

Nilipoona sheria ile nilisimamisha mchezo. Alifikiri kitu ambacho sisi tunakiishi. Leo katika Masisi kila kitu kisicho na uzito kinaruka. Bei ya birayi hapa Goma inafika kwa mkulima wa mlimani kwa telefone kabla hata muuzaji hajamaliza kuitamka. Makuta yanaruka kwa telefone. Habari ya kifo inaruka. Mfuko wa birayi hauruki. Mfuko unangoja Fuso, unangoja matope, unalipa bariyeri, na ukifika, ile bei iliyoruka ilishaanguka.

Mutaniambia: kuko mizigo inayoruka. Ndiyo. Miaka kabla ya mgodi wa viwanda wa Bisie kuanza kutoa bati mwaka 2019, kasiterite ya kule ilitoka porini kwenye migongo ya vijana, kilo 50 kwa mtu mmoja, mpaka barabarani Njingala. Pale gari, halafu Kilambo, halafu ndege, Goma. Jiwe lilipanda ndege, na aliyelibeba alirudi porini kwa miguu. Kilo moja ya jiwe inaweza kulipa tiketi yake. Kilo moja ya muhogo haiwezi. Kwa hiyo ukitaka kujua nani ana haki ya safari ya haraka katika dunia yoyote, ya mchezo ama ya kweli, angalia bei ya kilo anayobeba.

Kuko mchezo mmoja ulionyesha jambo hilo bila kutaka. Dragon's Dogma 2, wa kampuni ya Capcom, Machi 2024. Sijaucheza, mashini yangu haiwezi, nazungumzia yale yaliyosemwa na kuuzwa mbele ya watu wote. Kiongozi wake, Hideaki Itsuno, alieleza kabla ya kutoka kwamba safari inachosha paka pale mchezo wenyewe unachosha, na kwamba kazi ya mtengenezaji ni kuifanya njia ipendeze. Nakubaliana naye mia kwa mia. Ndani ya mchezo wake kuruka ni kwa mawe adimu, na gari la ng'ombe unalopanda linaweza kushambuliwa njiani. Lakini siku mchezo ulipotoka, Capcom iliweka jiwe moja la kituo cha kurukia kwenye duka, kwa pesa za kweli. Ndani ya mchezo unaweza kuyapata mengine bila kulipa, hiyo ni kweli. Ila wachezaji walikasirika, na nawaelewa. Mtu anakuhubiria uzuri wa njia, na nyumba yake inauza namna ya kuikwepa.

Death Stranding ulifanya kinyume, na ni sababu ya pili naupenda. Barabara ndani yake zinajengwa na wachezaji. Unapeleka chuma na vifaa kwenye mashine, na michango ya watu wengine, wa nchi zingine, wenye hutawaona kamwe, inaingia kwenye barabara yako. Siku moja unarudi mahali ulipoteseka na matope, unakuta lami. Hakuna aliyeruka. Njia imefupika kwa wote, pamoja na mzigo. Kwetu hiyo tunaiita salongo. Na munajua vizuri kama mimi kwamba kijana wa chukudu, akishuka na mifuko yake, hahitaji mtu amsifie kutembea, wala hahitaji ndege. Anahitaji barabara isiyo na shimo.

Basi jibu langu kwa mdogo wangu ni hili. Njia ambayo sijaipita, naipita kwa miguu, hata betri ikilia. Njia niliyoipita na kuijua, naruka bila aibu, juu maisha ni mafupi na umeme ni mfupi zaidi. Mchezo ukiniambia niruke mahali sijawahi kufika, nakataa. Na nikikuta mchezo ambao njia yake ni tupu, sitembei kwa kiburi: naruka, halafu naandika kwamba mtengenezaji hakufanya kazi yake. Kwenda kwa miguu, kurudi kwa ramani. Ningeijua sheria ile mwaka 2021, kijiji kimoja cha Walikale kingekula muhogo mwaka uliofuata.

Wengi kati yetu tunaomba kazi kwenye miradi. Wengi tutapewa ramani, picha za satelaiti, takwimu za simu, na tutaandika ripoti za vijiji tulivyoona kutoka juu. Siwezi kuwaambia mupite barabara isiyopitika, maisha ya mtu ni ya thamani kuliko ripoti. Lakini kama hukupita, andika kwamba hukupita. Usiandike siku mbili.

Mdogo wangu nilimsomea haya kabla ya kuyatuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Yaya, uko na haki. Sasa toka kwa mashini, zamu ni yangu." Akakaa, akafungua karte, akafinya Solitude.

Adui walikuwa karibu. Mchezo ulikataa.

Ninyi munacheza namna gani? Na mwisho kwenda kijijini, mulipitia wapi?